Juu ya Chambo cha Ndoano: Kilicho Hai na cha Kuigiza

Waalimu watatu wa Ushetu wametuandikia kutaka shauri. Wamekusudia kutumia likizo yao kwenda kuvua kwa mshipi katika ziwa la nyikani, mbali na mialo na kelele za masoko, nao wauliza: je, wachukue chambo kilicho hai, yaani minyoo na samaki wadogo, ama wanunue vile vyambo vya chuma, vya mbao na vya plastiki, ambavyo havina uhai wala harufu, lakini humdanganya samaki kwa kung'aa na kutikisika? Swali lao ni fupi. Lakini tulipoanza kulijibu tuliona kwamba lina mambo mengi ndani yake, mambo ya lugha, na ya desturi, na ya dhamiri pia. Kwa hiyo tumeona vema kulijibu mbele ya wasomaji wote.

I. Maneno yenyewe

Chambo ni kitu chochote kitiwacho katika ndoano au mtego ili kumvuta mnyama au samaki. Wingi wake ni vyambo. Mvuvi hutia chambo, au huivika ndoano chambo. Samaki kwanza hudonoa, kisha humeza, ndipo hunasa. Naye mvuvi humwopoa. Waalimu wa lugha wawafundishe watoto maneno haya manne kwa utaratibu wake, maana kila moja lina wakati wake, na mtu avutaye mshipi samaki akiwa angali anadonoa hurudi nyumbani mikono mitupu.

Uzi wa kuvulia ni mshipi. Risasi au jiwe la kuuzamisha ni chubwi. Kipande chepesi kieleacho juu na kuonyesha kwamba samaki ameguswa ni boya. Kamba ndefu yenye ndoano nyingi, itegwayo jioni na kuinuliwa alfajiri, wavuvi wa Nyanza huiita gonzo, na wingi wake migonzo.

Neno ndoano, ambalo wengine hutamka ndoana, lastahili kutazamwa kidogo. Waganda husema okuloba kwa maana ya kuvua kwa ndoana, na Wanyarwanda husema kuroba. Sasa twajua kwamba Kiswahili kimeiacha b ya zamani katika maneno mengi. Waliosema kubona sisi twasema kuona. Tena twajua kwamba l ikitanguliwa na n hugeuka kuwa nd, kama ulimi na ndimi. Basi mtu akiyaunganisha mambo hayo mawili, yaonekana wazi kwamba ndoano ni ndugu wa kuloba, na kwamba mababu zetu walikuwa wakivua kwa ndoano kabla hawajatengana kwenda pwani na bara. Wala si ajabu, kwa kuwa kazi hii ni ya kale sana duniani. Katika pango moja la Okinawa, nchi ya Ujapani, zimefukuliwa ndoano za gamba la konokono wa baharini, ambazo wataalamu husema umri wake ni miaka ipatayo 23,000.

Wageni wafikao Ushetu hucheka wasikiapo kwamba katika kata zake mna moja iitwayo Chambo. Twawaonya wasiharakishe kulifasiri jina hilo kwa Kiswahili. Majina ya mahali ni ya wenyeji, na maneno mawili yaweza kufanana kwa sauti yasiwe na asili moja.

II. Maji mawili

Mtu wa Ushetu akitaka kuvua ana njia mbili mbele yake, na ni lazima azipambanue kabla ya kuchagua chambo.

Njia ya kwanza ni ya magharibi. Vijito vya upande huo wa Ushetu huteremka katika mbuga za Kigosi. Maji ya Kigosi huungana na ya Moyowosi, hatimaye huingia katika mto Malagarasi na kumwagika katika Ziwa Tanganyika. Nchi hiyo ya matete, mafunjo na maji yaliyotulia ni kubwa mno. Mwaka 2000 iliandikwa katika orodha ya mataifa ya maeneo yenye maji yanayostahili kulindwa, nayo ilikuwa ya kwanza kuandikwa katika Tanzania. Hapaingiwi ovyo, mwenye kutaka kuvua huko apate kibali kwanza, asije akakamatwa kama mwizi.

Njia ya pili ni ya kaskazini, kupita nchi ya dhahabu ya Geita, hata Ziwa Nyanza. Huko, katika ghuba iliyopewa jina la Emin Pasha, kuna kisiwa cha Rubondo, ambacho kimekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Kisiwa kimejaa msitu, na ndani yake wamo tembo, viboko na sokwe walioletwa kutoka nje. Wageni hupewa ruhusa ya kuvua kwa mshipi kwa kufuata kanuni za hifadhi. Hapo ndipo penye ziwa la nyikani kama walilolitaka waalimu wetu.

Basi maji haya mawili, ingawa kwa miguu si safari ya siku nyingi kutoka moja hata jingine, hayakutani. Ya magharibi huenda Tanganyika, na kutoka huko hufuata mto Kongo hata bahari ya magharibi. Ya kaskazini hutoka kwa mto Naili hata Misri. Tunaomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia.

III. Kila samaki na mlo wake

Kanuni ya kwanza ya chambo ni kujua samaki unayemtaka hula nini, na hukijuaje chakula chake: kwa kukiona, kwa kukinusa, au kwa kukisikia kikitikisika majini.

Kambale ana sharubu ndefu, nazo ndizo ulimi na pua yake. Hutafuta chakula gizani na katika maji ya tope, wala macho yake madogo hayamfai sana. Kumtupia kambale kipande cha chuma king'aacho mara nyingi ni kazi bure. Yeye ataka kitu chenye harufu: nyungunyungu, matumbo ya kuku, chura, dagaa waliolowekwa, wengine hutia hata kipande cha sabuni, nao hupata. Wakati wake mzuri ni mvua za kwanza, mito inapofurika na kambale kupanda katika majani yaliyofunikwa na maji ili wazae. Lakini hapo watu wengi humaliza wazazi pamoja na mayai yao. Mwenye busara huchukua wa mboga ya siku ile, akaacha wengine.

Kamongo hukaa matopeni, naye hutoka juu kuvuta hewa kama mnyama wa nchi kavu, kwa sababu ana mapafu. Hula konokono, kaa na samaki wadogo, na meno yake ni kama koleo. Chambo chake ni kipande cha nyama au samaki, kiwekwe karibu na chini. Na sehemu ya mshipi iliyo karibu na ndoano iwe ya waya, la sivyo ataikata. Mtu amtoapo ndoano asiweke kidole kinywani mwake.

Perege na sato hula zaidi mimea midogo ya majini, lakini hawakatai mnyoo mdogo, panzi, au donge la ugali lililokandwa likashikana. Zitokapo kumbikumbi baada ya mvua, hakuna chambo kinachozipita. Ndoano na iwe ndogo, maana kinywa chao ni kidogo.

Sangara ni mwindaji. Macho yake huona vema penye mwanga hafifu, na ubavuni ana mstari ambao kwao huhisi mtikisiko wa maji, kama mtu asikiavyo hatua za mwingine nyuma ya ukuta. Huyu ndiye ambaye chambo cha kuigiza kilitengenezwa kwa ajili ya mfano wake. Aweza kufika urefu wa meta mbili na uzito wa kilo 200. Wa namna hiyo ni wachache siku hizi, lakini hata wa kilo kumi atamfundisha mwalimu unyenyekevu.

IV. Chambo kilicho hai

Wavuvi wa migonzo hupenda sana kambale wadogo, wenye urefu kama kidole au zaidi kidogo. Sababu yao ni njema. Kambale aweza kuvuta hewa, kwa hiyo hafi upesi katika ndoo, na akiisha kuvikwa katika ndoano hubaki akijipinda usiku kucha, na mtikisiko wake humwita sangara. Kwa ajili hiyo wako watu ambao sasa hufuga vifaranga vya kambale mabwawani na kuwauzia wavuvi. Furu nao hutumika, lakini hufa upesi. Na furu aliyekufa ni chambo nusu.

Mwenye kuchukua chambo hai afanye hivi. Ndoo iwe na mdomo mpana na kifuniko cha wavu, ili hewa iingie na samaki wasiruke. Asiwajaze kupita kiasi. Maji yabadilishwe mara kwa mara, na ndoo ikae kivulini. Ndoano ipitishwe katika nyama ya mgongo, juu ya uti, au katika midomo miwili. Ikipita katika uti, samaki hufa papo hapo, na kazi imepotea. Nyungunyungu nao wawekwe katika udongo wenye unyevu pamoja na majani makavu, si katika maji.

Wachimbaji wa nyungunyungu kwa kawaida ni watoto. Twawasihi waalimu wasiwatume siku za shule, wala wasiwaache watafute vyambo kando ya maji yenye mamba na viboko. Sangara hakuna ambaye thamani yake yapita ya mtoto.

V. Chambo cha kuigiza

Vyambo hivi ni vya namna nyingi, lakini vyote hufuata njia moja kati ya tatu. Kuna vijiko, yaani vipande vya chuma vilivyobonyea, ambavyo vikivutwa hupepesuka na kumetameta kama dagaa aliyejeruhiwa. Kuna sanamu za samaki, za mbao au plastiki, zenye ulimi mdogo mbele unaozizamisha na kuzitikisa. Na kuna manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoano kwa mfano wa mdudu.

Kijiko kina hadithi yake. Husimuliwa kwamba Mmarekani mmoja, Julio Buel, alikuwa akila ndani ya mashua, akaangusha kijiko ziwani, akaona samaki mkubwa akikirukia. Kama hadithi ni ya kweli au imepambwa, ni kweli kwamba mwaka 1852 alipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake. Sisi wenyewe tumekwisha kufanya kijiko cha namna hiyo kwa kijiko cha chai: hukatwa mpini, hutobolewa tundu pande mbili, ndoano hufungwa upande mmoja na mshipi upande wa pili. Tumeona kinafaa, nacho ni somo zuri la kazi za mikono.

Chambo cha kuigiza hakifanyi kazi chenyewe. Mkono wa mvuvi ndio uhai wake. Kikivutwa sawasawa kwa mwendo mmoja, samaki hukitazama tu. Kivutwe, kisitishwe, kishuke kidogo, kivutwe tena. Mara nyingi sangara hukamata pale kinaposhuka. Katika maji maangavu na mchana mweupe hufaa rangi ya fedha. Katika maji ya tope hufaa rangi kali, au kile kinachotikisika sana, ili asiyeona ahisi. Penye visiki na matete mengi, vyambo vingi vitapotea, navyo vina bei. Hapo mnyoo ni rafiki wa maskini.

VI. Kipi kilicho bora?

Kama shabaha ni kitoweo, na maji ni ya mbuga au ya lambo, jibu letu ni nyungunyungu na kumbikumbi. Kambale na perege watakuja, gharama hakuna, na ufundi wake hujifunzwa kwa siku moja.

Kama ni sangara katika ziwa kubwa, mtu aweza kutumia vyote viwili. Lakini sisi tumechagua cha kuigiza, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni hii. Sheria ya nchi yakataza kuchukua sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50, ili apate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Samaki amezapo chambo hai hukipeleka tumboni pamoja na ndoano, na kuitoa ni kumpasua. Ukimrudisha majini umerudisha maiti. Lakini chuma au plastiki huipata midomo yake tu, maana samaki akikionja hukitema, na ndoano hunasa hapohapo. Mtu aweza kuitoa na kumwachilia mdogo akaenda zake. Kwa hiyo mwenye kutii sheria kwa moyo, si kwa kuogopa askari, atapenda chambo kinachomwezesha kutii.

Sababu ya pili yatuhusu wenyewe, nasi tutaisema kwa uchungu.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa waalimu vijana, tulirudi Ushetu kutoka Nyanza na ndoo ya sato wadogo, mabaki ya chambo chetu. Tulitaka watoto wa shule wawaone samaki wa ziwa kubwa wakiwa hai. Wengi walikufa njiani. Waliosalia, kama kumi hivi, watoto waliwatazama siku mbili; nasi kwa huruma hatukutaka kuwaua, tukawamwaga katika lambo la karibu. Tulidhani tumetenda jambo jema. Masika ile lambo lilijaa, likapasua ukingo, na maji yake yakashika njia ya magharibi.

Baada ya miaka miwili mzee mmoja mwenye migono kule chini alituletea samaki katika kikapu. Akasema, "Mwalimu, mwangaluka. Nimekaa katika mto huu tangu baba yangu yu hai, na samaki huyu simjui. Tazama, mkia wake una milia. Ninyi mliosoma, niambieni ni wa nani." Tulitazama, tukaijua ile milia. Tulimwambia ni sato wa Nyanza. Akafurahi, akasema, "Basi Mungu ametuongezea." Siku ile hatukumjibu neno. Tulikula samaki wake, na hakutupendeza.

Kwa nini tuliona haya? Kwa sababu twajua yaliyotokea Nyanza. Sangara hakuwa wa ziwa lile. Alitiwa humo na watu kuanzia mwaka 1954, upande wa Uganda. Sato naye aliletwa katika miaka hiyohiyo. Katika ziwa lile mlikuwa na aina mamia za furu, na kila moja ilikuwa na mlo wake: wengine walikula konokono, wengine mimea, wengine mayai ya wenzao. Sangara alipoongezeka sana katika miaka ya 1980, furu walitoweka kwa wingi. Wataalamu hukadiria kwamba aina zipatazo 200 zilipotea. Yako mambo mengine yaliyosaidia uharibifu ule, kama uchafu wa maji na wingi wa nyavu. Wala hatukani kwamba sangara ameleta fedha na viwanda. Lakini waliomwaga samaki wa kwanza hawakuweza kuwarudisha, hata kama wangetaka. Na ngege, samaki wa asili aliyewalisha wazee wa Nyanza, alipungua katika ziwa lake mwenyewe.

Mito ya Malagarasi ina samaki wake, ambao hawapatikani penginepo. Hatukuwa na ruhusa ya kuwapelekea jirani, tena jirani mwenye nguvu kuliko wao. Ndoo yetu ilikuwa ndogo, lakini samaki huzaa.

Mwaka uliofuata tulikwenda kwa yule mzee, tukamwambia habari yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, mwenye kumwaga mbegu katika shamba la mwingine huuliza kwanza." Hakusema zaidi, wala hakutudharau. Tangu siku ile hatujabeba samaki hai kutoka maji haya kwenda maji yale.

VII. Shauri letu

Basi kwa waalimu watatu twasema hivi. Mkienda Rubondo, pateni kibali, chukueni vijiko viwili vya fedha, sanamu mbili za samaki, waya, na mishipi yenye nguvu. Vueni alfajiri na jioni. Mkienda mbugani kwa kibali, chimbeni nyungunyungu kulekule mtakakovua. Kama ni lazima kutumia samaki hai, wavuliwe katika maji yaleyale mtakamotega, na wanaobaki warudi humohumo au waliwe. Ndoo isafishwe na kukaushwa juani kabla ya kurudi nyumbani. Na mtoto akiomba kuona samaki wa mbali, mchoreeni ubaoni.

Tumeandika tuliyoyaona na tuliyofundishwa. Ndugu zetu walio Ukerewe, Sengerema, Kigoma na Uvinza bila shaka wana maneno mengine ya kazi hii, na vyambo tusivyovijua. Na watuandikie, ili maneno ya wazee wavuvi yasizame pamoja nao.